Ile Picha Haikuwa Bahati, Tuache Visingizio

Najua nimekuwa kimya tangu tufungue muhula. Mnajua wenyewe, madesa ni mengi, bumu lilichelewa, na mwaka wa tatu hauna huruma na mtu. Waliokuwa wanauliza kama nimehama chuo, sijahama. Nipo, nadunda.

Leo siandiki habari za ada wala foleni ya kantini. Naandika habari za bahari. Kuna ubishi umechukua wiki nzima kwenye vimbweta vyetu, na kwa kuwa kule kila mtu anaongea kwa pamoja kama soko la samaki, nimeona bora niseme langu hapa, mtu asinikatize.

Ubishi wenyewe unahusu picha. Mtu mmoja alirusha kwenye kundi letu la darasa ile picha ya yule jamaa wa Olimpiki, anayeonekana amesimama wima hewani juu ya bahari, kidole kimoja kimeelekezwa juu, na ubao wake nao umesimama wima pembeni yake kama kivuli. Nadhani wengi mmeiona. Basi darasa likagawanyika. Kambi ya kwanza ikasema hiyo ni kazi ya akili mnemba, hakuna binadamu anayesimama hewani. Kambi ya pili ikasema picha ni ya kweli ila mpiga picha alibahatisha tu, hata mimi ningekuwepo pale ningeipata.

Kambi ya kwanza sina shida nayo sana, ushahidi unaimaliza. Ni hii ya pili inayoniuma, na nitawaambia kwa nini.

Tuanze na ukweli wenyewe. Picha ilipigwa tarehe 29 Julai 2024 huko Teahupo'o, kisiwani Tahiti, katika Polinesia ya Kifaransa. Michezo ya Olimpiki ilikuwa Paris, lakini Paris haina bahari, kwa hiyo mchezo wa kuteleza mawimbini ulipelekwa zaidi ya kilomita 15,000 kutoka kwenye mji wenyeji. Mchezaji ni Gabriel Medina wa Brazil, bingwa wa dunia mara 3 (2014, 2018 na 2021). Siku ile alitoka ndani ya wimbi, akajua amefanya jambo, akajirusha kwa furaha juu ya mgongo wa wimbi. Waamuzi wakampa 9.90 kati ya 10. Mpiga picha ni Jérôme Brouillet, mkazi wa Tahiti, aliyekuwa akilifanyia kazi shirika la habari la AFP. Tukio lilikuwa likirushwa moja kwa moja kwenye televisheni, na wapiga picha wengine walikuwepo. Kwa hiyo wa akili mnemba, poleni, kaeni chini.

Sasa nyie wa bahati. Brouillet hakuwa amekaa ufukweni anakunywa dafu. Alikuwa ndani ya boti, pembeni pale maji yanapokuwa na kina na wimbi halivunjiki. Kutoka hapo kuna wakati humwoni mchezaji, maana wimbi lenyewe linakuziba. Unasubiri atokee upande wa pili, na hujui atatokeaje. Lakini Brouillet alijua jambo moja: Medina akitoka kwenye wimbi zuri huwa ana mbwembwe zake. Kwa hiyo alijiandaa. Alieleza mwenyewe baadaye kwamba alipiga picha nne pale Medina alipochomoka, na moja kati ya hizo ndiyo hiyo tunayobishania.

Nne tu, jamani! Bahati ilikuja, sikatai. Ila ilimkuta amekaa mkao wa kula.

Mnisamehe kidogo, mimi ni mwalimu mtarajiwa wa Jiografia, lazima niingize kipindi. Wimbi la Teahupo'o halizaliwi Tahiti. Linazaliwa na dhoruba za mbali kusini mwa bahari ya Pasifiki. Upepo unasukuma maji, nguvu ile inasafiri siku kadhaa, na inapofika pale inatoka kwenye kina kirefu na kukutana ghafla na mwamba wa matumbawe ulio karibu sana na uso wa maji. Haina pa kwenda. Inainuka na kujikunja, halafu inajipindua mbele na kuacha shimo kama bomba. Mchezaji anapita ndani ya bomba hilo. Akikosea, chini yake si mchanga, ni matumbawe makali kama wembe.

Mpiga picha wa mchezo huu lazima ayajue haya yote kabla hajawasha kamera. Lazima ajue wimbi lipi kati ya matano yanayokuja litakuwa kubwa na litavunjikia wapi. Lazima ajue maji yanajaa au yanakupwa. Sasa niambieni, hiyo ni bahati gani inayohitaji kujua mambo yote hayo?

Na yule wa kwenye boti ana afadhali. Kuna namna tatu za kufanya kazi hii. Ya kwanza ni kukaa nchi kavu na lenzi ndefu kama bomba la moshi, kamera imesimamishwa kwenye miguu mitatu. Ya pili ni ya boti. Ya tatu ndiyo ya wenye roho ngumu: unaogelea mwenyewe. Unavaa mapezi ya mpira miguuni, wengine na kofia ngumu kichwani, kamera iko ndani ya kasha lisiloingiza maji, halafu unaelea pale pale ambapo wimbi linavunjika. Lenzi inayotumika huko ni ya kuona eneo pana, kwa hiyo ili mchezaji aonekane mkubwa lazima awe karibu nawe, mkono mmoja au miwili hivi. Anakuja kasi kwenye ubao wenye ncha, wewe unabonyeza, halafu unapiga mbizi chini ya wimbi kabla halijakupiga wewe. Kamera inatakiwa kufunguka na kufunga kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde au chini ya hapo, la sivyo matone yote yanageuka ukungu. Na tone moja la maji likikaa kwenye kioo cha kasha, picha imeharibika. Mnajua wanafanyaje? Wanalamba kioo! Mate yanasaidia maji yatandae badala ya kukaa matone matone. Wanalamba, wanasubiri, wanalamba tena. Saa kadhaa.

Ndiyo maana ukifuatilia historia yao, karibu wote waliijua bahari kwanza, kamera ikafuata. Tom Blake, Mmarekani aliyeishi Hawaii, alikuwa mwogeleaji na mteleza mawimbi hodari kabla ya kujitengenezea kasha la kamera la kuingia nalo majini karibu na mwaka 1930. Picha zake zikatoka kwenye jarida la National Geographic mwaka 1935. Kule California kulikuwa na John Ball, wenzake wakimwita Doc kwa kuwa alikuwa daktari wa meno. Wiki anang'oa meno, akipata nafasi yuko majini na kamera, na mwaka 1946 akatoa kitabu cha picha, California Surfriders. Na karibu zaidi na sisi yupo Clark Little wa Hawaii. Huyu alianza mwaka 2007 kwa sababu tu mkewe alitaka picha ya wimbi ya kutundika chumbani. Hakuwa na shahada ya upigaji picha. Alikuwa na miaka mingi ya kupigwa na mawimbi ya ufukweni, yale yanayovunjikia kwenye mchanga. Leo picha zake zinajulikana dunia nzima.

Tena picha hizi si pambo tu. Kule Nazaré, Ureno, mawimbi ni makubwa kuliko jengo la ghorofa nyingi. Tarehe 29 Oktoba 2020 Mjerumani Sebastian Steudtner aliteleza kwenye wimbi lililokuja kuthibitishwa mwaka 2022 kuwa na urefu wa mita 26.21, rekodi ya dunia. Mnadhani kuna mtu alikwenda pale na futi kamba? Wataalamu hupima kwenye picha. Wanachukua kitu ambacho urefu wake unajulikana, kama mwili wa mchezaji mwenyewe, wanalinganisha na wimbi. Bila mtu aliyesimama na kamera, wimbi la rekodi lingekuwa hadithi ya kijiweni.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kama picha ndiyo inayothibitisha nani alifanya nini, basi mwenye kamera ana madaraka makubwa sana. Na sisi Waafrika tumeliwa hapo kwa muda mrefu.

Chukueni mfano wa filamu maarufu kuliko zote za mchezo huu, The Endless Summer ya Bruce Brown, iliyosambazwa mwaka 1966. Vijana wawili wa California wanazunguka dunia kutafuta mawimbi. Wanapita Senegal, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini. Ukiitazama, unaondoka na picha kwamba watu wa pwani ya Ghana ndiyo kwanza wanaona ubao na wimbi, wageni wamewaletea jambo jipya. Lakini mwanahistoria Kevin Dawson, katika kitabu chake Undercurrents of Power cha mwaka 2018, ameonyesha kwamba wasafiri wa Kizungu waliandika kuhusu watoto wa Ghana ya leo wakicheza na mawimbi tangu miaka ya 1640, na mwaka 1834 Mwingereza mmoja aliandika kuhusu wavulana wa Accra wakiogelea na vibao vyepesi wakisubiri wimbi liwarudishe pwani. Hiyo ni zaidi ya miaka 130 kabla ya filamu! Wale wavulana hawakuwa na mtu wa kuwapiga picha. Filamu ilikuja, ikawa ndiyo kumbukumbu.

Afrika Kusini ndiyo usiseme. Sheria ya mwaka 1953 ya kutenganisha huduma za umma kwa rangi ilizihusu hata fukwe, ikaja kufutwa mwaka 1990. Mtoto mweusi hakuruhusiwa kukanyaga fukwe zenye mawimbi mazuri. Kwa hiyo picha za miaka ile zimejaa Wazungu, halafu mtu wa leo anaziangalia anasema, mnaona, mchezo huu ni wa Wazungu. Mpaka mwaka 2018 ndipo Michael February wa Cape Town alipokuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuingia kwenye mashindano ya juu kabisa ya dunia. Senegal yupo Khadjou Sambe, binti wa Ngor pale Dakar, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa nchi yake kuufanya mchezo huu kama kazi. Ukiziona picha zake akiwa juu ya wimbi, nakuhakikishia ile sentensi ya "mchezo wa Wazungu" itakukwama kooni.

Haya, turudi nyumbani. Najua mtaniambia Bongo hatuna mawimbi hayo. Kweli, kwa sehemu kubwa. Madagaska inatukinga na mawimbi mengi ya kutoka kusini, na miamba yetu inayavunja yaliyobaki kabla hayajafika ufukweni. Lakini tuna upepo. Pale Paje, Unguja, kaskazi ikivuma na kusi ikivuma watu wanateleza majini wakivutwa na tiara kubwa, na wanapigwa picha kutwa nzima. Mgeni anapanda ndege na picha yake imo kwenye simu, amelipia. Vijana wa pale wamekuwa walimu wazuri wa mchezo huo, mmoja akimfundisha mgeni unaona mwenyewe ujuzi ulivyo. Ila nilipokwenda likizo iliyopita kumtembelea shangazi yangu, nilihesabu watu wanne wenye kamera majini na hakuna hata mmoja aliyekuwa mwenyeji.

Sasa mnakumbuka yule mwenzetu anayetupiga picha za mahafali? Simtaji, ila mnamjua. Yule jamaa ana jicho. Anakupiga umevaa joho la kukodi unatoka kama waziri. Ameambiwa na watu wa hoteli moja huko Unguja kwamba likizo ndefu hii wanamhitaji, malazi juu yao, malipo mazuri kuliko bumu lake la muhula. Sharti moja: aweze kuingia majini. Amekataa. Hajui kuogelea. Mtoto wa Temeke, amekula samaki wa Feri maisha yake yote, bahari anaijua kwa harufu tu.

Na yeye ndiye kinara wa kambi ya bahati. Ndiyo maana nasema inaniuma. Tukisema Brouillet alibahatisha, tunajisamehe. Bahati haifundishwi, kwa hiyo hakuna cha kujifunza, kwa hiyo tukae kwenye vimbweta tupige soga. Lakini tukikubali kwamba ile picha ilitokana na kuijua bahari, basi swali linatugeukia: sisi tunaokaa kilomita chache kutoka baharini, tunaijua kiasi gani?

Kuna atakayesema tatizo ni vifaa. Sibishi, lenzi ndefu na kasha la maji ni fedha nyingi, unaweza kujenga msingi wa nyumba. Ila mwenzetu hakunyimwa kazi kwa kukosa kasha, hoteli walikuwa nalo. Kuogelea ndiko hakununuliki. Mwingine atasema wazazi hawataki watoto waingie baharini, bahari inaua. Ni kweli inaua, na mimi mwenyewe mama alikuwa ananichapa nikirudi na chumvi mgongoni. Lakini mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Ziwa Victoria tukapoteza zaidi ya watu 200, sisemi kuogelea kungewaokoa wote, nasema nchi yenye maziwa makuu matatu na pwani ndefu kama yetu haiwezi kuendelea kuyaogopa maji kwa kuyakimbia.

Na inawezekana. Kaskazini mwa Unguja kuna mradi wa Panje uliokuwa ukiwafundisha mabinti kuelea na kuogelea, wakiwa wamevaa mavazi ya heshima yanayofunika mwili mzima, na walimu wanawake. Picha zao majini ziliheshimiwa kwenye World Press Photo mwaka 2018. Ni picha nzuri mno, binti ameelea chali, macho kayafumba, hana hofu. Mpiga picha ni Anna Boyiazis, Mmarekani. Nampongeza kwa dhati, alifanya kazi ya adabu. Swali langu ni dogo tu: kwa nini asiwe dada wa Nungwi? Yule dada angejua ni binti gani asipigwe kwa kuwa babake hataki, angejua majina ya wote, na angebaki pale mwakani kuwapiga wakishaanza kupiga mbizi.

Sisi wa elimu tunakwenda BTP karibuni. Baadhi yetu tutapangiwa Mafia, Kilwa, Pangani, Bagamoyo. Ushauri wangu ni huu. Kabla ya kwenda, jifunze kuogelea. Ukifika huko, mtafute mvuvi akufundishe bamvua na maji mafu, hana diploma lakini anakuzidi. Watoto wakipanda mawimbi kwa vipande vya mbao, na wanapanda, nimewaona, usiwafukuze kwa fimbo. Omba ruhusa kwa wazazi wao, toa simu yako, piga, na chini ya picha andika majina ya watoto wakiridhia, mahali na tarehe. Mwaka 2150 asije mtu na filamu yake akasema aliwaletea mchezo.

Kuhusu mwenzetu wa joho, likizo ipo mbali kidogo, miezi mitatu na ushee. Kuelea kunajifunzwa kwa wiki kadhaa kama mtu ana nia, na humu ndani wapo watu wa Tanga na Mafia waliozaliwa majini. Kaka wa Tanga unayesoma hapa, unajijua, Jumamosi una kazi gani? Mchukueni mtu huyu mumpeleke kwenye maji ya kiunoni, taratibu, bila kumcheka.

Nanyi mnaopinga, uwanja wenu. Leteni hoja, ila neno bahati nimelipiga marufuku. Mimi naenda kumalizia zoezi la saikolojia ya elimu kabla mhadhiri hajanifanya niogelee nchi kavu.

Tuko pamoja. Alamsiki.